Ninunue beringi za standadi au za 0.25?

"Shikamoo mwalimu. Nina Noah ya zamani, SR40, injini ya petroli 3S, inabeba abiria Moshi hadi Marangu. Juzi napandisha, taa ya oili ikaanza kuwaka kila nikipunguza mwendo, baadaye injini ikaanza kugonga. Fundi ameifungua. Beringi ya konrodi namba 3 imeliwa hadi shaba inaonekana, na shingo yake kwenye krenki ina mikwaruzo. Nyingine anasema ziko sawa. Sasa kila mtu ananiambia lake. Fundi wangu anasema ninunue beringi za 0.25, eti injini imeshatembea sana kwa hiyo hizo zitakaza. Muuza spea anasema krenki haijawahi kusagwa, nichukue standadi. Fundi wa mashine anataka kusaga krenki yote, za konrodi na za meini, anasema haiwezekani kusaga upande mmoja. Tena nyuma ya beringi za zamani kuna namba, nyingine 2 nyingine 3, na hakuna anayenieleza maana yake. Nimfuate nani? Hela niliyonayo ni ya kununua mara moja."

Marahaba ndugu yangu, na pole kwa gari kulala. Kwa kuwa hela ni ya kununua mara moja, nakuomba jambo moja kabla sijaeleza lolote: leo usinunue beringi zozote. Kwa wasomaji wengine: krenki ni mhimili unaozunguka chini ya injini, konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki, na shingo ni zile sehemu za duara za krenki zinazokaa ndani ya beringi; za konrodi hushika konrodi, za meini hushikilia krenki kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Standadi ni saizi ya kiwandani. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kipimo hata kimoja cha krenki, sijakiona. Watu watatu wamekupa majibu matatu, na hakuna aliyeshika maikromita, kile kifaa cha kupima kipenyo hadi sehemu ndogo za milimita. Saizi ya beringi haitokani na umri wa injini, wala na historia ya krenki, wala na kilichopo dukani. Inatokana na kipenyo cha zile shingo baada ya kazi yote ya krenki kuamuliwa. Kabla ya hapo, kila anayekutajia saizi anabahatisha kwa hela yako.

Nianze na hili neno la "kukaza", maana ndilo linaloua injini nyingi huku kwetu. Wengi wanaamini kwamba krenki na beringi zinasuguana, na kwamba beringi mpya kazi yake ni kubana. Sivyo. Injini ikiwa nzima na inazunguka, shingo ya krenki haigusi beringi kabisa. Kati yao kuna uwazi mwembamba uliojaa oili. Krenki inapozunguka inaivuta ile oili na kuipeleka upande ambao mzigo unaelemea. Pale nafasi inapokuwa finyu oili inabanwa, presha yake inapanda mara nyingi zaidi ya ile inayoletwa na pampu, na shingo inanyanyuka. Ni kama tairi linapoingia kwa kasi kwenye maji yaliyotuama barabarani: maji yanalinyanyua mpaka haligusi tena lami. Kwa dereva hiyo ni hatari, kwa krenki ndiyo salama yake. Pampu haibebi krenki; inafikisha oili mlangoni tu, na kazi ya kunyanyua inafanywa na mzunguko pamoja na ule uwazi.

Ndiyo maana uwazi lazima uwe sahihi kwa pande zote mbili. Ukiwa mdogo mno, oili haipiti ya kutosha, joto halina wa kulibeba, na ule utando laini wa beringi unayeyuka na kushika shingo. Ukiwa mkubwa mno, oili inamwagikia pembeni kabla haijajijenga, presha inashuka hasa injini ikiwa ya moto na mzunguko ukiwa mdogo, na konrodi inaanza kuigonga shingo. Taa iliyowaka ulipopunguza mwendo kwenye mlima ilikuwa inakuambia hivyo hivyo.

Kwa injini yako ya 3S-FE, Toyota wanataka uwazi wa beringi za konrodi uwe kati ya milimita 0.024 na 0.055, na ukifika 0.08 umekwisha muda wake. Beringi za meini ni finyu zaidi: 0.015 hadi 0.034, isipokuwa ile ya katikati, namba 3, ambayo ni 0.025 hadi 0.044. Sasa linganisha na ushauri wa fundi wako. Hiyo 0.25 anayotaka "ikaze" ni zaidi ya mara nne ya uwazi wote unaoruhusiwa kwenye konrodi.

Beringi iliyoandikwa 0.25 si beringi ya injini iliyochoka. Imetengenezwa kwa krenki iliyosagwa ikapungua kipenyo kwa robo milimita. Kila kipande kimeongezwa unene wa 0.125, na kwa kuwa vipande ni viwili vinavyoelekeana, tundu linapungua 0.25. Shingo ya konrodi ya injini yako ikiwa ya kiwandani iko kati ya 47.985 na 48.000. Ikisagwa kwa saizi ya 0.25 inatakiwa iwe kati ya 47.745 na 47.755. Ukizifunga beringi za 0.25 kwenye shingo ambayo haijasagwa, tundu linakuwa dogo kuliko shingo kwa karibu milimita 0.2. Kofia ya konrodi, ile nusu ya chini inayofungwa kwa boliti, haitakaa. Ukiilazimisha kwa nguvu ya spana, krenki haizunguki. Hapo ndipo mtu hushika msasa akaanza kuzikwangua beringi mpya "zilegee kidogo", na ule utando uliolipiwa unaishia sakafuni. Nakusihi, ukiona msasa unakaribia beringi zako, zichukue uondoke nazo.

Kosa la upande wa pili ni kufunga standadi kwenye krenki iliyosagwa. Uwazi unakuwa karibu milimita 0.3, na injini itagonga siku ile ile utakayoiwasha. Hilo huwakuta hasa watu waliobadilisha krenki kwa ya mtumba bila kuipima, wakaamini maneno ya muuzaji.

Muuza spea wako naye amesema nusu ya ukweli. Krenki ambayo haijasagwa bado inaweza kuwa imeliwa, na kwa shingo namba 3 yenye mikwaruzo, standadi inaweza kukosa pa kukaa vizuri. Pitisha ukucha juu ya mikwaruzo ile kwa kukata upande. Ukucha ukikwama, hapo kung'arisha peke yake hakutoshi. Ukiteleza, bado kuna matumaini, lakini kipimo ndicho kitakachoamua.

Zile namba 2 na 3 ni madaraja ya unene ndani ya standadi yenyewe. Kiwandani hakuna bloku mbili wala krenki mbili zinazotoka sawasawa kabisa, zinapishana kwa elfu chache za milimita. Basi Toyota wanatengeneza beringi za standadi zenye unene unaopishana kidogo kidogo, na kuzipa namba ili kila shingo ipate inayoifaa. Kwa konrodi za injini yako, namba imegongwa kwenye kofia ya konrodi, na beringi inayotakiwa ni ya namba hiyo hiyo. Kwa meini unahitaji namba mbili: moja imegongwa kwenye bloku, nyingine kwenye krenki. Unazijumlisha. Bloku ikisema 2 na krenki ikisema 1, beringi ya shingo hiyo ni namba 3. Kwa hiyo usishangae kukuta namba tofauti ndani ya injini moja, ndivyo ilivyopangwa. Injini nyingine, hata za Toyota, zina jedwali lao, usiichukue hesabu hii ukaipeleka kwenye 1HZ ya jirani.

Ila elewa mipaka ya namba hizo. Zinaeleza krenki ilivyokuwa siku inatoka kiwandani. Kama shingo imeliwa, namba haijui. Na krenki ikishasagwa, namba ya krenki haina kazi tena, kwa sababu beringi za 0.25 kwa kawaida zinakuja unene mmoja na anayesaga ndiye anayetafuta uwazi sahihi. Tena ukweli wa maduka yetu ni kwamba pakiti nyingi za beringi zisizo za Toyota zimeandikwa STD tu, bila daraja. Hizo si lazima ziwe mbaya, nimeona zikifanya kazi miaka. Lakini ukizinunua umejipa wajibu wa kupima uwazi kabla ya kufunga injini, maana hakuna aliyekuchagulia daraja.

Tuje kwenye kupima kwenyewe. Injini yako ina shingo 4 za konrodi na 5 za meini. Kila moja inapimwa sehemu mbili, karibu na ukingo wa kushoto na wa kulia, na kila sehemu inapimwa mara mbili kwa kukata msalaba. Vipimo vinne kwa shingo, 36 kwa krenki nzima, vyote vikiandikwa kwenye karatasi. Kipimo cha ukingo huu kikipishana na cha ukingo ule, shingo imechongoka. Vipimo vya msalaba vikipishana, shingo imekuwa yai. Ikizidi 0.02 kwa lolote kati ya hayo mawili, shingo hiyo ni ya kusagwa, hata kama kwa macho inang'aa. "Ziko sawa" aliyosema fundi wako kuhusu zile tatu inaweza kuwa kweli, lakini jicho halioni 0.02.

Na Moshi kuna jua. Krenki iliyokaa nje mchana ikipimwa hapo hapo inadanganya. Chuma cha milimita 48 kikipata joto la nyuzi 20 zaidi ya maikromita kinaongezeka karibu 0.01, ambayo ni theluthi moja ya nafasi yote uliyopewa kati ya 0.024 na 0.055. Krenki ioshwe, ilale ndani ya karakana pamoja na maikromita usiku kucha, ipimwe asubuhi.

Baada ya krenki, pimeni konrodi. Namba 3 ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ifungwe kofia yake bila beringi, boliti zikazwe kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu, kisha tundu lipimwe kwa geji ya saa, ile yenye mshale, pande zote. Beringi ikizidiwa na joto huweza kuzunguka ndani ya konrodi na kulikwaruza tundu, na tundu likishapanuka au kuwa yai, beringi mpya haitashikwa. Konrodi hiyo inarekebishwa kwenye mashine au inabadilishwa kwa nyingine ya injini ya aina hiyo hiyo yenye uzito ule ule.

Nisisitize hapa kwa sababu haya ndiyo yanayofanyika kimyakimya. Beringi ikiwa huru ndani ya konrodi, wapo wanaoweka karatasi ya pakiti ya sigara nyuma yake. Wengine wanasugua uso wa kofia kwenye msasa ili tundu lipungue. Vipande vya beringi vimetengenezwa makusudi virefu kidogo kuliko nusu duara, ncha zake zinachomoza kidogo sana juu ya uso wa konrodi. Unapokaza boliti, ncha zinasukumana na mgongo wa beringi unabanwa sawasawa kwenye chuma. Kubanwa huko ndiko kunakoizuia isizunguke, na ndiko kunakopeleka joto lake kwenye konrodi. Kale kajino pembeni kanaelekeza tu mahali pa kuikalisha, hakaizuii kuzunguka. Ukiweka karatasi nyuma, joto halipiti na beringi inapata kibonde. Ukisugua kofia, tundu linakuwa yai, linabana juu na chini na kuachia pembeni. Injini itatulia siku chache, utaambiwa kazi imekwisha, kisha itagonga upya ukiwa na abiria.

Sasa uchaguzi wako. Kwa maelezo uliyotoa, natarajia shingo namba 3 ihitaji kusagwa. Zikisagwa, zisagwe zote nne za konrodi kwa saizi moja, kwa kuwa beringi zinauzwa seti na huko mbele hakuna fundi atakayejua kwamba moja tu ndiyo ya 0.25. Lakini fundi wa mashine hakukuambia sawa aliposema lazima asage na meini. Shingo za meini zikipimwa zikakutwa ziko ndani ya kiwango, zinabaki standadi, zinang'arishwa tu, na unafunga meini za standadi pamoja na konrodi za 0.25. Hilo ni jambo la kawaida na halina madhara. Chuma cha krenki hakirudi, na kila saizi unayoila leo umejinyima ya kesho.

Usikubali kusaga kabla hujahakikisha beringi za saizi hiyo zipo. Nimeona krenki zikipelekwa hadi 0.50, kisha mwenye gari anazunguka Arusha nzima, anapiga simu hadi Dar es Salaam, hazipatikani. Mpangilio ni huu: pima, amua saizi, zipate beringi mkononi, ndipo usage, na umpelekee fundi wa mashine beringi zenyewe pamoja na konrodi ili asage kwa kuzifuata. Mwambie pia aache ule mkunjo wa mviringo pale shingo inapokutana na ukuta wa krenki. Akiuchonga ukawa kona kali, krenki huanza kupata ufa hapo hapo.

Krenki ya mtumba ni njia nyingine, na wakati mwingine ni rahisi kuliko kusaga. Ipimwe kama hii yako, dukani, kabla hela haijatoka. Injini nzima ya mtumba nayo ina wakati wake: kama silinda zimeliwa, konrodi imeharibika na hedi ina ufa, kuirudisha hii kunaweza kukugharimu zaidi. Lakini ya mtumba unainunua imefungwa, hujui beringi zake zikoje. Kama uharibifu wako umeishia kwenye konrodi namba 3, mimi ningeitengeneza hii.

Siku ya kufunga, pimeni uwazi halisi. Ipo nyuzi laini ya plastiki inayoitwa plastigeji. Ya kijani inapima 0.025 hadi 0.076, inakufaa. Futa oili yote, laza kipande cha nyuzi kwenye shingo, funga kofia na beringi yake, kaza kwa torki kamili bila kuizungusha krenki hata kidogo, kisha fungua. Nyuzi imelala bapa. Upana wake unaulinganisha na mchoro wa kwenye karatasi yake. Ikitoka 0.04 kwenye konrodi, tulia. Ikitoka 0.08, simamisha kazi, hata kama fundi anasema itajirekebisha. Haijirekebishi, na oili nzito haiirekebishi pia, inaficha mlio tu. Kwenye meini hakikisheni kipande chenye mfereji na tundu la oili kiko upande wa bloku na tundu linakutana na tundu. Uchezaji wa krenki mbele na nyuma nao upimwe. Kwa 3S usizidi 0.30.

Kuna swali ambalo hukuuliza: kwa nini namba 3 iliisha? Beringi haifi bila sababu. Fungueni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, angalieni chujio la pampu kama limeziba kwa uchafu wa oili iliyokaa muda mrefu, pimeni pampu yenyewe. Njia za oili ndani ya krenki zioshwe kwa brashi nyembamba na upepo, kabla na baada ya kusaga, kwa sababu vumbi la jiwe likibaki humo litakula beringi mpya ndani ya siku chache. Kupandisha Marangu umejaza abiria huku injini inazunguka taratibu na kulalamika ndipo utando wa oili unapokuwa mwembamba kuliko wakati wowote, kwa hiyo weka gia ndogo mapema.

Kuna mambo ambayo siwezi kukuamulia kwa maandishi. Kama shingo namba 3 imegeuka rangi ya bluu au kahawia, ilipata joto kali, na krenki hiyo inatakiwa kuchunguzwa ufa na mtu mwenye vifaa kabla hujailipia kusagwa. Kama krenki imepinda, hakuna beringi itakayoiokoa. Kama karakana uliyopelekwa haina maikromita, au inayo lakini hawakuandikii vipimo, tafuta nyingine. Unga Limited hapa Arusha mafundi wa mashine wapo, na walimu wa magari wa VETA au Chuo cha Ufundi Arusha wanaweza kukuelekeza kwa mtu anayepima kweli. Ukienda, beba krenki, konrodi zote nne kila moja na kofia yake bila kuchanganywa, pistoni zikiwa zimetolewa, na beringi za zamani zikiwa zimepangwa kwa namba za silinda. Omba ile karatasi ya vipimo 36 uondoke nayo, halafu ndipo uende dukani.